Kutembea Usingizini na Kazi ya Ubongo Usiku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wazazi, walezi wa mabweni na watu wazima ambao wameamka asubuhi wakaambiwa walionekana wakizunguka nyumbani usiku. Yanaanza na ubongo wenyewe, kwa sababu ukishajua unafanya nini gizani, hofu nyingi zinaondoka na mambo ya kufanya yanajitokeza.

Kutembea usingizini ni nini hasa?

Mtu huinuka kutoka katika usingizi mzito na kufanya jambo ambalo kwa kawaida hufanywa na aliye macho. Huenda akaketi tu kitandani akipapasa shuka. Huenda akafungua kabati, akaenda jikoni, akakojoa kwenye kona ya chumba akidhani ni chooni, au akafungua mlango na kutoka nje. Ukimwita hajibu, au anajibu maneno yasiyoshikana.

Mara nyingi hutokea saa moja hadi tatu baada ya kulala. Huisha ndani ya dakika chache, ingawa yapo matukio yanayofika nusu saa. Kisha hurudi kulala, na si lazima iwe kitandani kwake. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba karibu watu 7 kati ya 100 hupatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Ni watu wengi. Karibu kila ukoo una mmoja, hata kama hazungumzwi.

Tukilala, ubongo unazima?

Hauzimi. Hans Berger, daktari wa mji wa Jena nchini Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akachapisha matokeo mwaka 1929. Tangu hapo, kila aliyefuatilia umeme huo kwa mtu aliyelala ameukuta ubongo ukifanya kazi usiku kucha. Kinachobadilika ni namna unavyofanya kazi.

Usingizi huanza na lepe. Macho yanakuwa mazito, mawimbi ya umeme yanapungua kasi, na mtu akiguswa kidogo anadai hakuwa amelala. Inafuata hatua ya pili, ambayo kwa mtu mzima huchukua karibu nusu ya usiku. Humo huonekana milipuko mifupi ya mawimbi ya kasi, mizunguko 11 hadi 16 kwa sekunde, na watafiti wanaihusisha na kuhifadhi kumbukumbu za mchana. Baada ya hapo ndipo unapokuja usingizi mzito, ule wa kulala kama pono. Mawimbi huwa makubwa na ya polepole, kwa sababu seli za neva zisizohesabika zinaamka pamoja na kunyamaza pamoja. Homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi wakati huu, na mtu huwa mgumu kuamshwa kuliko wakati wowote mwingine wa usiku.

Mwishoni mwa mzunguko huja usingizi wa REM (kifupi cha Kiingereza chenye maana ya macho kukimbia haraka), uliotangazwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Macho hukimbia huku na huku chini ya kope, umeme wa ubongo unakaribia kufanana na wa mtu aliye macho, na ndoto zenye visa virefu hutokea hapa zaidi. Wakati huohuo shina la ubongo hulegeza karibu misuli yote ya mwili, isipokuwa ya macho na ile ya kupumua.

Mzunguko mzima huchukua kama dakika 90, na hujirudia mara nne hadi sita kwa usiku. Lakini mizunguko haifanani. Usingizi mzito hujaa mwanzoni mwa usiku, na wa REM huongezeka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndiyo maana mtoto aliyelala saa tatu huinuka na kutembea kwenye saa nne au saa tano usiku, si karibu na adhana ya alfajiri.

Basi mtu anawezaje kulala na kutembea kwa wakati mmoja?

Kwa sababu ubongo haulali wote kwa pamoja wala hauamki wote kwa pamoja. Kama utaondoka na jambo moja tu katika ukurasa huu, liwe hili.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba anayetembea usingizini anaigiza ndoto yake. Mwaka 1965 Allan Kales na wenzake huko California waliwarekodi wagonjwa usiku kucha, wakaona kwamba matukio yanaanzia katika usingizi mzito, mbali na ule wa REM. Mwaka 1968 Roger Broughton akapendekeza kwamba tatizo liko katika kuamka kwenyewe: ubongo unaanza kutoka usingizini, kisha unakwama njiani.

Ushahidi wa wazi zaidi ulitoka Bern, Uswisi, mwaka 2000. Watafiti walifanikiwa kumdunga kijana mmoja kemikali ya kufuatilia mtiririko wa damu kichwani akiwa katikati ya tukio lenyewe, kisha wakampiga picha. Damu iliongezeka katika sehemu za ubongo zinazohusika na mwendo na hisia, ikiwemo serebelamu inayosawazisha mwili. Katika maeneo ya mbele na ya pembeni juu, yale tunayoyatumia kupima mambo, kupanga na kujitambua, damu ilikuwa pungufu ikilinganishwa na mtu aliye macho. Mwaka 2009 watafiti wa Italia walipata nafasi adimu zaidi. Mgonjwa wa kifafa aliyekuwa amewekewa nyaya ndani ya ubongo ili kuchunguzwa kabla ya upasuaji aliinuka usingizini akiwa amechanganyikiwa. Nyaya zilionyesha eneo la mwendo likiwa macho kabisa, na maeneo ya mbele na ya pembeni yakiwa bado katika mawimbi ya polepole ya usingizi mzito.

Kwa hiyo mtu huyu hajifanyi, na pia hajalala kikamilifu. Sehemu inayoendesha miguu na mikono imeamka. Sehemu inayouliza "naenda wapi, na kwa nini?" bado imelala.

Kulala kwa vipande si jambo la ajabu kimaumbile. Pomboo, kama hao wanaofuatwa na mashua za watalii Kizimkazi, hulaza nusu moja ya ubongo na kuacha nyingine macho ili waendelee kupanda juu kuvuta pumzi. Hata binadamu tuna kitu kinachokaribia hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba mtu akilala ugenini usiku wa kwanza, upande wa kushoto wa ubongo wake haulali kwa uzito sawa na wa kulia. Ni kama umeachwa zamu.

Macho yake yako wazi. Ananiona?

Anaona kiasi cha kukwepa kiti alichokizoea. Hatambui vizuri, na hapimi hatari. Ngazi, dirisha na jiko lenye moto ni hatari kwake kama kwa mtu asiyeona.

Je, huota anapotembea?

Wapo wanaoota. Watoto wengi hawakumbuki chochote, lakini watu wazima wakiulizwa kwa utulivu hueleza vipande: dari inaanguka, nyoka yuko kitandani, mtoto yuko hatarini na lazima aokolewe. Ni taswira fupi zenye hofu, tofauti na ndoto ndefu ya alfajiri.

Kuigiza ndoto yenyewe ni ugonjwa mwingine. Mwaka 1965 Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, alionyesha kwamba ukiharibu sehemu ndogo katika shina la ubongo wa paka, ule ulegevu wa misuli wa usingizi wa REM hupotea, na paka aliyelala huruka na kuwinda asichokiona. Mwaka 1986 Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota walieleza hali kama hiyo kwa binadamu. Huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50. Hupiga ngumi, hupiga mateke na kupiga kelele, kwa kawaida karibu na alfajiri, na ukiwaamsha wanazinduka haraka na kukusimulia ndoto. Babu yako akianza mambo haya uzeeni, usiyachukulie kuwa kuweweseka tu. Hali hii inaweza kutangulia Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na ukakamavu, kwa miaka mingi, na inastahili daktari.

Kuna tofauti gani na jinamizi?

Ni kinyume chake. Katika jinamizi, akili inazinduka lakini mwili bado umeshikwa na ulegevu wa REM. Unajua uko kitandani, unataka kupiga kelele, ulimi hautoki, kifua kinabanwa, na mara nyingi unahisi kuna mtu chumbani. Hofu ya Popobawa, jini la usiku katika simulizi za Zanzibar, iliyotikisa Pemba na Unguja mwaka 1995 ilibeba simulizi nyingi za namna hii, na baadhi ya wachunguzi wameihusisha na hali hiyo ya ubongo. Walioogopa hawakuwa waongo. Kubanwa walikohisi kulikuwa kwa kweli, na kulikuwa na chanzo mwilini.

Kwa nini watoto ndio hasa?

Watoto wana usingizi mzito mwingi na wenye nguvu, na ubongo wao bado unajifunza kupita vizuri kutoka hatua moja hadi nyingine. Utafiti wa Quebec, Kanada, uliofuatilia watoto kwa miaka mingi na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta kilele kikiwa umri wa miaka 10, ambapo asilimia 13.4 ya watoto walitembea usingizini. Wengi huacha wanapobalehe, bila dawa yoyote.

Ni ya kurithi?

Kwa kiasi kikubwa. Katika utafiti huohuo wa Quebec, watoto ambao hakuna mzazi wao aliyewahi kutembea usingizini walipatwa kwa asilimia 22.5. Mzazi mmoja akiwa na historia hiyo, ilikuwa asilimia 47.4. Wote wawili, asilimia 61.5. Kabla ya kutafuta sababu mbali, muulize bibi yake mtoto wewe ulikuwaje ulipokuwa mdogo.

Humo pia, theluthi moja ya watoto waliokuwa wakikurupuka usiku kwa mayowe, wakilia bila kunyamazika na asubuhi hawakumbuki, baadaye walitembea usingizini. Inaonekana mzizi ni mmoja.

Ni nini kinachochochea?

Urithi hutayarisha, kisha kuna kitu kinachosukuma. Vichocheo hufanya moja ya mambo mawili: ama vinauzidishia usingizi uzito, ama vinamshtua mtu katikati ya uzito huo. Vikikutana vyote viwili, tukio linakaribia.

Kinachozidisha uzito kuliko vyote ni deni la usingizi. Antonio Zadra na wenzake huko Montreal waliwakesha watu wenye tatizo hili kwa zaidi ya saa 24, kisha wakawaacha walale na kupiga sauti wakiwa usingizi mzito. Matukio yaliongezeka waziwazi. Kwa watu wasio na tatizo, mbinu hiyohiyo haikuleta kitu. Sasa fikiria maisha ya nyumbani. Mwanafunzi wa darasa la saba anajisomea hadi usiku wa manane na kuamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la shule. Mtoto anachelewa kulala mwezi wa Ramadhani na kuamshwa daku. Mlinzi au muuguzi anabadilishiwa zamu kila wiki. Hao wote wanalala kwa deni, na ubongo wenye deni huzama kwa kina kuliko kawaida.

Vinavyoshtua ni vingi: kelele, kubanwa na mkojo, miguu isiyotulia, homa. Homa ya malaria au ya mafua inatosha kumwinua mtoto ambaye hajawahi kutembea kabla. Ila mtoto mwenye homa anayeongea ovyo na asiyezinduka sawasawa apelekwe hospitali usiku huohuo. Hapo usingoje kujua kama ni usingizi tu, kwa sababu malaria kali hupanda kichwani.

Kukoroma nako kusidharauliwe. Mtoto mwenye mafindofindo makubwa anakoroma, pumzi inakatika, ubongo unashtuka, na haya yanajirudia usiku kucha. Christian Guilleminault wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wa aina hii walipotibiwa njia ya hewa, kutembea usingizini kuliisha.

Dawa pia. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali zaidi liwekwe kwenye vidonge vya usingizi vya zolpidem, eszopiclone na zaleplon, kwa sababu watu waliovitumia walitembea, walipika na hata kuendesha magari wakiwa usingizini, na baadhi walikufa. Vidonge vya usingizi visinunuliwe dukani bila cheti cha daktari. Ukivichanganya na pombe unaongeza hatari juu ya hatari.

Si majini? Si mtu anamchezea mwanangu?

Swali hili naliheshimu, kwa sababu anayeuliza amemwona mwanawe akimtazama kwa macho yasiyomtambua, na hakuna mzazi asiyetetemeka hapo. Lakini tukio linafuata saa za usiku, linafuata hatua ya usingizi, linapita katika ukoo, linazidi mtoto akichoka na linapungua akilala vya kutosha. Hiyo ni tabia ya ubongo.

Kumsomea mtoto dua au kumwombea hakumdhuru, na kunawatuliza wengi. Kinachomdhuru ni kufukizwa moshi akabanwa pumzi, kuchanjwa kwa wembe, kufungwa kamba kitandani, kunyimwa usingizi kwa makesha, au kuambiwa mbele ya wenzake kwamba ana pepo. Makesha hasa ni kumwongezea kilekile kinachomsumbua. Na mtoto anayeogopa kulala hulala kidogo.

Nikimwamsha atakufa au atachanganyikiwa akili?

Hapana. Hafi, na roho yake haikosi njia ya kurudi. Lakini kumtikisa au kumpigia kelele kunaweza kumfanya apambane nawe, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayotambua "huyu ni mama" bado haijaamka. Ongea taratibu kwa sauti anayoijua, mguse begani, mgeuze, mwongoze arudi kitandani. "Njoo baba, tukalale," inatosha. Usimhoji. Akizinduka mwenyewe, mwambie yuko salama na mwache alale.

Asubuhi usimfanye kichekesho cha familia.

Nyumba niiandae vipi?

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko dawa. Funga milango ya nje kwa komeo lililo juu asikofikia, na ufunguo usiachwe kwenye kitasa. Ila watu wazima wote wa nyumba wajue uliko, kwa ajili ya moto. Kama mnaishi ghorofani, madirisha na mlango wa baraza ndiyo ya kwanza. Visu, panga na viberiti vihifadhiwe. Jiko la mkaa lisiachwe na makaa usiku, na kwa kweli halipaswi kuwa ndani na makaa kwa sababu ya sumu ya moshi. Kisima na tangi la maji vifunikwe. Ndoo na viti visiachwe njiani. Chandarua kibaki, malaria ni hatari zaidi, lakini kichomekwe vizuri chini ya godoro ili akiinuka asijizonge nacho na kuanguka. Kengele ndogo au makopo mlangoni yatakuamsha wewe. Kama anayetembea ni dereva, funguo za gari zifichwe.

Alazwe chini au kwenye kitanda kifupi.

Mwanangu anaenda shule ya bweni. Nifanye nini?

Mwambie matroni au patroni kabla hajafika, kwa maandishi. Omba asipewe kitanda cha juu, alale mbali na ngazi, na mlango wa bweni uwe na mtu wa zamu. Siri ni hatari hapa: mtoto anayejulikana huongozwa kitandani, asiyejulikana hudhaniwa mwizi au hukimbiwa na wenzake usiku wa manane. Waambie pia kwamba adhabu za kuamshwa usiku na ratiba za kusoma zisizoacha nafasi ya kulala zinamzidishia.

Nitajuaje kuwa si kifafa?

Kuna kifafa kinachotokea usingizini tu, na kwa macho ya kawaida kinaweza kufanana na hali hii. Tofauti zinazosaidia ni hizi: kifafa cha usiku huja ghafla, mara nyingi huchukua sekunde hadi dakika moja au mbili, hujirudia mara kadhaa kwa usiku mmoja, saa yoyote, na harakati zake hufanana kila mara kana kwamba zimenakiliwa. Kutembea usingizini huja mara moja kwa usiku, mapema, na kila tukio lina sura yake. Kukakamaa, kutetemeka kwa mpangilio au kuuma ulimi kunaelekeza kwenye kifafa. Kifafa kinatibika, kwa hiyo kukosea hapa ni kumnyima mtu tiba.

Je, ni malale?

Hapana. Malale, ingawa huitwa pia ugonjwa wa usingizi, huenezwa na mbung'o, huharibu mpangilio mzima wa kulala na kuamka, huleta homa na kudhoofika, na huua usipotibiwa.

Mtu anaweza kufanya jambo baya akiwa hivyo?

Ni nadra sana, lakini imetokea. Mwaka 1987 Kenneth Parks wa Ontario, Kanada, aliendesha gari kilomita 23 hivi hadi kwa wakwe zake, akamuua mama mkwe na kumjeruhi baba mkwe. Mahakama ilikubali kwamba alikuwa usingizini ikamwachia, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 1992. Kinachojulikana zaidi ni mtu kujiumiza mwenyewe, na wengi hawahisi maumivu hadi wazinduke.

Kuna tiba?

Kwa mtoto, tiba ya kwanza ni usingizi wa kutosha kwa saa zilezile kila siku, kukojoa kabla ya kulala, na nyumba salama. Kama hutembea karibu saa ileile kila usiku, mwamshe taratibu dakika 15 hadi 30 kabla ya muda huo, kisha mwache alale tena. Ukifanya hivyo kwa wiki chache, kwa wengi mtindo unakatika. Kwa mtu mzima, daktari hutafuta kwanza kichocheo: kukoroma kwa kukatika pumzi, pombe, dawa, msongo wa mawazo. Dawa kama klonazepamu huachiwa wale walio katika hatari ya kujeruhiwa, chini ya uangalizi wa daktari.

Niende hospitali lini, na niende na nini?

Nenda ikiwa ameumia au ametoka nje ya nyumba, ikiwa matukio ni ya mara kwa mara, ikiwa yameanza ukubwani, yameanza baada ya dawa mpya, anasinzia sana mchana, au una shaka ya kifafa.

Nenda na video. Simu ikiwekwa kwenye kona ya chumba usiku inaweza kumpa daktari habari kuliko maelezo ya nusu saa. Andika pia saa aliyolala, saa aliyoinuka, tukio lilichukua muda gani, alifanya nini, alikoroma au hakukoroma, alikuwa na homa au la, na dawa zote anazotumia, pamoja na za asili. Wiki mbili za maandishi zinatosha kuanzia.